Maisha ya Abu Rayhan al-Biruni, Aliyepima Dhahabu kwa Maji

Makanyagio ni kata moja ya mji wa Mpanda, katika mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka pwani. Wazee wa pwani hawakuwa wageni wa pande zile katika zama za misafara, kwani waliokuwa wakienda Karema, ukingoni mwa ziwa la Tanganyika, nchi hizo walizikanyaga. Na ardhi ya Mpanda Mwenyezi Mungu ameitia dhahabu na ameitia risasi. Katika miaka ya 1950 risasi ilichimbwa huko kwa mitambo mikubwa, na reli itokayo Kaliua ikawa njia ya kuitolea; na hata leo wako katika mkoa huo wachimbaji wadogo waitafutao dhahabu kwa sururu na karai.

Basi madini hayo mawili yakikaa katika nchi moja, mtihani wake ni mmoja. Dhahabu ni ghali na risasi ni rahisi, na zote mbili ni nzito mkononi. Mtu asiyemcha Mungu akiichanganya risasi ndani ya dhahabu, au akaivika risasi ngozi nyembamba ya dhahabu, jicho halitambui, na mizani ya sokoni haitambui. Kwani mizani hueleza uzito tu, haielezi ni uzito wa kitu gani.

Kijana wa kidato cha kwanza huko Makanyagio hufunzwa dawa ya udanganyifu huo katika somo la fizikia. Huandika ubaoni herufi tatu: ρ = m/V. Ya kwanza ni herufi ya Kiyunani iitwayo ro, nayo yasimama mahali pa densiti, yaani wingi wa kitu ulioshindiliwa katika nafasi yake. Herufi m ni wingi wenyewe, upimwao kwa mizani. Herufi V ni ujazo, ile nafasi ambayo kitu hukalia. Vijana wengi huzihifadhi herufi hizo bila ya kujua zatoka wapi wala zafaa nini, wakafaulu mtihani, kisha wakazisahau. Na baadhi ya baba zao, khasa wale waliosoma chuoni peke yake, huona herufi za Kiyunani na za Kirumi wakadhani hapana ndani yake haki yoyote ya Mwislamu. Kwa ajili ya hao wawili, kijana na babaye, yafaa zielezwe khabari za mwanachuoni huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake ni Muhammad bin Ahmad, na kuniya yake Abu Rayhan. Alizaliwa mwezi 3 Dhulhijja mwaka 362 wa Hijra, nao ni Septemba 973, katika Kath, uliokuwa mji mkuu wa Khwarizm, karibu na mto Jayhun. Nchi ile leo ni ya Uzbekistan, na mji ulioko hapo umepewa jina lake. Birun kwa Kiajemi ni nje, naye aliitwa al-Biruni kwa kunasibishwa na viunga vilivyokuwa nje ya mji. Katika udogo wake alipata bahati ambayo si kila mtoto huipata: alimlea katika elimu Abu Nasr Mansur bin Ali bin Iraq, mtu wa ukoo wa wafalme wa Khwarizm na bingwa wa hisabu katika zama zake. Mfalme huyo mdogo hakuona aibu kumkalisha mtoto wa kiungani karibu naye akamfundisha handasa na falaki.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi alichukua duara iliyogawanywa kwa nusu nusu za daraja, akapima urefu wa jua adhuhuri katika Kath, na kwa hisabu akajua mji wake uko daraja ngapi kaskazini ya mstari wa katikati ya dunia. Miaka michache baadaye alitengeneza duara kubwa zaidi, upana wake mikono 15, akakusudia kupima mengi. Mara vikazuka vita. Mwaka 385 wa Hijra (995) mtawala wa Gurganj, mji wa pili wa Khwarizm, alimpindua mfalme wa Kath, na watu wa nyumba ya Abu Nasr wakapotelewa na milki yao. Al-Biruni akaacha vyombo vyake akakimbia.

Siku hizo zilikuwa za dhiki. Alifika Rayy, karibu na ulipo leo mji wa Tehran, hana mali wala mlinzi. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake ya kuwa huko alikutana na mtu mmoja mjuzi wa nyota, wakakhitalifiana katika suala la elimu, na yule mtu akamdharau na kumkaripia, ingawa elimu yake ilikuwa chini ya elimu ya al-Biruni. Tofauti yao ilikuwa ni fedha tu. Hali ya al-Biruni ilipotengenea baadaye, mtu yule yule akawa rafiki. Ada hiyo haijaondoka duniani, na wenye kuijua zaidi ni wanafunzi maskini.

Hata ufukara haukumzuia kufanya kazi. Mwaka 387 wa Hijra (Mei 997) mwezi ulipatwa, naye alikuwa Kath. Alikuwa amekwisha patana kwa barua na Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanachuoni mkubwa wa hisabu aliyekuwa Baghdad, ya kwamba kila mmoja atautazama mwezi katika mji wake na kuandika saa yake. Mwezi hupatwa kwa watu wote kwa wakati mmoja, lakini saa za miji hazilingani, kwa kuwa jua huwachomozea watu wa mashariki kwanza. Kila saa moja ya tofauti ni daraja 15 za mzunguko wa ardhi. Basi kwa kulinganisha saa mbili hizo, watu wawili wasioonana waliupata umbali wa miji yao mashariki na magharibi.

Katika miaka hiyo pia aliandikiana barua na Ibn Sina, ambaye wakati huo alikuwa kijana kuliko yeye. Al-Biruni alimpelekea masuala 18, mengi yakiyapinga maneno ya Aristotle, na majibizano yao yakawa makali. Miongoni mwa masuala hayo aliuliza kwa nini barafu huelea juu ya maji, na hali barafu ni maji yaliyoganda, na kitu kikiganda hudhaniwa kimekuwa kizito zaidi. Suala hilo ni lile lile la ro, m na V. Maji yanapoganda wingi wake hauzidi wala haupungui, bali ujazo wake huongezeka. Na ujazo ukiongezeka wingi ukabaki vile vile, densiti hushuka. Barafu ina kama sehemu 92 katika 100 za densiti ya maji, na kwa ajili hiyo huelea. Mtu aliyeuliza suala hili alikuwa tayari ameuona mlango. Kilichobaki ni kutafuta ufunguo.

Kisha alikaa Gurgan, kwa Amir Qabus bin Washmgir, na kwa jina la Amir huyo aliandika karibu na mwaka 1000 kitabu chake al-Athar al-Baqiya, cha kueleza tarikhi na miezi na sikukuu za mataifa: Waajemi, Mayahudi, Manasara, Waarabu wa kabla ya Uislamu, na watu wa Khwarizm wenyewe. Baadaye alirejea kwao, akakaa Gurganj katika baraza ya Khwarizmshah Abu al-Abbas Ma'mun. Huko ndiko alikoifanya kazi ambayo kwayo khabari hizi zimeandikwa.

Alitaka kujua jambo moja lionekanalo dogo. Ukichukua vipande vya dhahabu, na zebaki, na risasi, na shaba, na chuma, vyote vya ujazo mmoja, kila kimoja kitakuwa na uzito gani ukilinganishwa na chenziwe? Kuyakata madini yote kwa umbo moja lisilozidiana hata unywele ni kazi isiyowezekana. Ndipo akaunda chombo. Kilikuwa chombo kipana chini na chembamba juu, mfano wa pia iliyosimamishwa, na shingo yake ilikuwa nyembamba ili maji yakipanda hata kidogo yaonekane. Ubavuni pa shingo palikuwa na mrija uliopinda kuelekea chini, na chini ya mrija kitanga cha mizani. Alijaza maji mpaka yakafika mdomo wa mrija yakasimama. Kisha alitia madini aliyokwisha kuyapima, vipande vidogo vidogo, na maji yaliyosukumwa yakatoka kwa mrija yakaanguka katika kitanga. Maji hayo ndiyo ujazo wa madini, hayazidi wala hayapungui, kwani vitu viwili havikai mahali pamoja. Kisha akayapima maji.

Archimedes wa Wayunani alikuwa ametangulia kuijua kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili, na al-Biruni hakuificha kamwe fadhila ya waliotangulia. Lakini kuijua kanuni ni jambo moja, na kupima kwa mkono usiotetemeka ni jambo jingine. Alitumia maji ya Jayhun huko Gurganj, mto ambao hali ya maji yake yajulikana, na kazi yake ikafanywa mwanzo wa msimu wa kupukutika majani. Akayaeleza hayo kwa sababu maji ya moto si sawa na maji ya baridi, na maji ya chumvi si sawa na maji matamu. Mvuvi wa pwani hahitaji kuthibitishiwa jambo hili. Chombo kilichopakia mzigo wake baharini huzama zaidi kikiingia mtoni.

Hisabu zake zimehifadhiwa na al-Khazini katika kitabu Mizan al-Hikma, kilichoandikwa mwaka 515 wa Hijra (1121). Alihisabu kwa mithqali 100 za kila madini, na kuandika ni mithqali ngapi za maji hutoka. Mithqali moja ina daniq 6, na daniq moja ina tassuj 4. Dhahabu mithqali 100 ilitoa maji mithqali 5, daniq 1 na tassuj 2, yaani mithqali tano na robo. Zebaki ilitoa mithqali 7, daniq 2 na tassuj 1. Risasi ilitoa mithqali 8 na daniq 5. Chuma kilitoa mithqali 12, daniq 5 na tassuj 2. Bati lilitoa mithqali 13 na daniq 4.

Msomaji na achukue kalamu agawanye. Mia kwa tano na robo ni 19.05, maana yake dhahabu ni nzito mara 19.05 kuliko maji ya ujazo wake. Leo, kwa vyombo vya karne hii, yasemwa 19.3. Zebaki ya al-Biruni ni 13.56, na ya leo 13.55. Risasi yake ni 11.32, na ya leo 11.34. Chuma chake ni 7.74, na cha leo 7.87. Bati lake ni 7.32, na la leo 7.3. Pana miaka elfu baina ya hisabu mbili hizo.

Na hapa pana siri ambayo kijana wa Makanyagio hufunzwa kwa neno moja akapita: uwiano hauna kipimo. Al-Biruni alipima dhahabu kwa mithqali, na maji kwa mithqali zile zile. Ukigawanya, mithqali ya juu na mithqali ya chini huondokeana, hubaki hisabu tupu. Mtu akija leo akasema mithqali ya Khwarizm ilikuwa gramu nne na robo, na mwingine akasema ilikuwa zaidi au kasoro, ugomvi wao hauidhuru 19.05 hata kidogo. Hata kama angalipima kwa kokwa za ubuyu, jibu lingekuwa ni lile lile, maadamu kokwa zote zi sawa.

Faida yake yaonekana mara moja. Mtu wa Makanyagio akiletewa kipande cha gramu 100 akaambiwa ni dhahabu safi, akikitia katika maji yaliyojaa mpaka mdomoni, maji yatakayomwagika yatakuwa karibu na gramu 5.2. Yakiwa gramu 8.8, alicholetewa ni risasi. Yakiwa gramu 7, nusu ya uzito wake ni dhahabu na nusu ni risasi. Hapana kiapo hapo wala shahidi. Kila mwenye duka amesikia msikitini Sura ya wapunjao, wale wajipimiao kamili na kuwapunguzia wenziwao. Mizani ya maji humfunga mikono mpunjaji kabla hajaanza.

Yeye mwenyewe hakuandika ρ wala V. Katika siku zake hisabu yote iliandikwa kwa maneno kamili, kama aandikavyo kadhi hukumu. Walakini kuweka herufi mahali pa neno si bidaa ya Wazungu peke yao. Al-Qalasadi, mwanachuoni wa Andalus aliyekufa mwaka 1486, aliandika katika aljebra yake herufi ya shin kwa kitu kisichojulikana, na mim kwa murabaa wake, na kaf kwa mchemraba wake, na lam kwa maana ya kulingana. Mistari miwili ya usawa, itumikayo leo dunia nzima, ilitiwa kitabuni na Robert Recorde wa Uingereza mwaka 1557. Kila taifa limeleta tofali lake.

Mwaka 408 wa Hijra (1017) utulivu wa Gurganj ulivunjika. Askari waasi walimuua Khwarizmshah, na Sultani Mahmud wa Ghazna, aliyekuwa shemegi yake, akaja na jeshi akaiteka nchi. Al-Biruni akachukuliwa Ghazna, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, pamoja na mwalimu wake Abu Nasr. Alikuwa mtumishi wa baraza au alikuwa mateka? Wanahistoria hawakukubaliana, na huenda yeye mwenyewe siku nyingine hakujua. Lililo yakini ni kwamba mwaka wa pili, Oktoba 1018, alikuwa katika kijiji kimoja upande wa Kabul, akataka kupima urefu wa jua, na hana chombo chochote. Akageuza ubao wake wa kufanyia hisabu, akachora upande wa nyuma robo ya duara, akaigawa daraja, akaning'iniza uzi wenye kizito, akapima. Mwalimu aliye na ubao, chaki na uzi, asiseme kuwa shule yake haina vyombo.

Katika Ghazna palitokea kisa ambacho yafaa kila baba akisikie. Al-Biruni alifanya chombo cha kujulisha nyakati za sala, na juu yake aliandika miezi ya Kirumi. Alifanya hivyo kwa sababu ya wazi: kivuli hufuata jua, na miezi ya Kirumi hufuata jua, lakini Muharram na Safar na wenziwao hufuata mwezi, huzunguka katika misimu yote, kivuli cha Rajabu ya mwaka huu si kivuli cha Rajabu ya miaka kumi ijayo. Mtu mmoja aliyejihisabu mshika dini alikikataa chombo kile kisitumike msikitini, kwa hoja kwamba kukitumia ni kujifananisha na makafiri. Al-Biruni akamkumbusha kwamba Warumi pia hula chakula na hutembea masokoni, basi naye na ajizuie na mambo hayo mawili asije akafanana nao. Kisa hicho amekiandika mwenyewe katika kitabu chake cha vivuli. Hakumtukana mtu yule. Alimwachia njaa imjibu.

Kwa kufuatana na majeshi ya Sultani alipata kuingia India. Wengine walirejea na ngawira. Yeye alirejea na lugha ya Sanskriti. Alikaa na wanavyuoni wa Kihindi, akauliza, akasoma vitabu vyao, na karibu na mwaka 1030, Sultani Mahmud alipokwisha kufa, akamaliza kitabu chake juu ya India. Humo ameeleza dini yao na hisabu yao na vipimo vyao kwa uadilifu ambao ni nadra kwa mtu aelezaye dini isiyokuwa yake, na hakuficha kwamba mashambulio ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile na kuzijaza nyoyo za watu wake chuki. Na humo imo khabari iwagusayo watu wa pwani: alipotaja mji wa Somnath alieleza kuwa umaarufu wake ulizidi kwa kuwa ni bandari ya mabaharia, kituo cha wale waliokuwa wakienda na kurudi baina ya Sufala katika nchi ya Zanj na China. Alijua kuwa bahari ile ina ncha ya pili, na kwamba huko kuna watu na biashara.

Katika ngome ya Nandana, iliyo leo katika Pakistan, aliona mlima umesimama peke yake juu ya uwanda mpana, akakumbuka jambo alilolitaka siku nyingi. Baharia apandaye mlingoti huona nchi kabla ya walio chini, kwa kuwa bahari imejipinda. Na kadiri apandavyo, ukingo wa macho hushuka chini ya usawa wa jicho lake. Al-Biruni aliupima kwanza urefu wa mlima kwa kuutazama kutoka mahali pawili, akapata mikono 652 na kidogo. Kisha akapanda juu, akapima ukingo wa ardhi umeshuka kiasi gani, akapata dakika 34 za daraja, hata daraja moja haikutimia. Kwa vitu viwili hivyo, urefu na pembe, akaihisabu nusu kipenyo ya dunia nzima. Mwanafunzi wa leo huandika R = h cos θ / (1 − cos θ); yeye aliandika kwa maneno, akitumia jedwali zake za jaibu. Kabla yake, Khalifa al-Ma'mun alikuwa amepeleka watu jangwani wapime daraja moja ya ardhi kwa kutembea. Al-Biruni aliketi juu ya mlima mmoja akayapata yale yale bila ya kuchosha ngamia.

Jibu lake lilikuwa mikono 12,803,337. Na hapa ndipo penye taabu. Leo yajulikana kuwa nusu kipenyo ya ardhi, kwa wastani, ni kilomita 6,371. Je, al-Biruni alipatia? Ikiwa mkono wake ulikuwa sentimita 45, alipata kilomita 5,762. Ikiwa ulikuwa sentimita 50, alipata 6,402, naye amekaribia mno. Ikiwa ulikuwa sentimita 54, alipata 6,914, naye amepita. Wako waandikao kwa fakhari kwamba alikosea chini ya sehemu moja katika mia. Hao wamechagua kwanza mkono uwapendezao. Tena hewa iliyo karibu na ardhi huipinda nuru, na dakika moja tu ya kosa katika pembe ndogo kama ile hulivuruga jibu lote. Njia yake ilikuwa sahihi na akili yake ilikuwa kubwa. Lakini jibu lenyewe limefungwa katika sanduku, na ufunguo wa sanduku ni urefu wa mkono wa watu waliokufa.

Watu wa pwani wanaijua taabu hiyo. Zamani nguo ilipimwa kwa mikono, na ulikuwapo mkono kamili, wa kutoka kiko cha mkono hata ncha ya kidole, na ulikuwapo mkono konde, uishiao penye ngumi. Mwenye kuuza alipenda mmoja na mwenye kununua alipenda mwingine. Pishi ilikuwa vibaba vinne, lakini vibaba vya mji huu havikuwa vibaba vya mji ule. Kwa ajili hiyo Wafaransa, katika miaka ya 1790, walitaka kipimo ambacho si cha mkono wa mtu yeyote, wakakitoa katika ardhi yenyewe: mita ikawa sehemu moja katika milioni kumi ya njia ya kutoka ncha ya dunia hata mstari wa katikati. Mwaka 1960 mataifa yalikubaliana juu ya utaratibu mmoja wa vipimo. Mwaka 1983 mita ikafungamanishwa na mwendo wa nuru. Na kutoka Mei 2019 hata kilogramu haitegemei tena kipande cha madini kilichowekwa kabatini karibu na Paris. Basi mwalimu wa Makanyagio amkatiapo kijana alama kwa kuandika 19.3 bila ya kuandika gramu kwa sentimita mchemraba, asidhaniwe ana ukali bure. Mikono milioni kumi na mbili ya al-Biruni ndiyo shahidi wake.

Sultani Masud bin Mahmud alimheshimu kuliko babaye. Kwa jina lake al-Biruni aliandika al-Qanun al-Masudi, kitabu kikubwa cha falaki, na ndani yake ameiweka hisabu ya Nandana. Yasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea zawadi ya fedha, mzigo wa tembo mzima, naye akairejesha katika hazina akisema kuwa hana haja nayo. Mwaka 427 wa Hijra aliandika orodha ya vitabu vyake mwenyewe, vikatimia 113, na wakati huo alikuwa hajawacha kuandika. Chini ya Sultani Mawdud alitunga kitabu cha vito na madini, akirudi uzeeni kwenye mapenzi yake ya Gurganj. Vingi katika vitabu hivyo vimepotea.

Lugha ya mamaye ilikuwa ya Khwarizm, naye aliona kuwa elimu ikisemwa kwa lugha ile itakuwa kitu cha ajabu kisicho mahali pake. Akachagua Kiarabu, tena akapenda alaumiwe kwa Kiarabu kuliko kusifiwa kwa Kiajemi. Katika jambo hili si lazima kumfuata. Lugha ya Khwarizm haikupewa kazi ya elimu, na leo hapana aisemaye.

Wengi wameandika kwamba alifariki Ghazna mwaka 440 wa Hijra (1048). Wengine husema ni baada ya hapo kidogo, kwani katika kitabu chake cha mwisho, cha dawa, ametaja kuwa amepita miaka themanini. Khabari za kufa kwake zimesimuliwa na Yaqut. Faqihi Abu al-Hasan Ali bin Isa al-Walwaliji aliingia kumtazama, akamkuta pumzi zimembana na roho i karibu kutoka. Katika hali ile al-Biruni akamwuliza juu ya hisabu ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama, ambayo siku moja faqihi alikuwa amemweleza. Faqihi akamhurumia, akastaajabu mtu kuuliza suala katika saa kama ile. Al-Biruni akamjibu kuwa kuiacha dunia naye ajua suala hilo ni bora kuliko kuiacha naye halijui. Basi faqihi akaketi, akamweleza tena, na al-Biruni akairudia hisabu mpaka akaihifadhi. Kisha faqihi akaaga akatoka, na alipokuwa angali njiani akasikia kilio kutoka nyumba ile.